Tusiondoe Kufuli kwa Sababu ya Kompyuta Moja Kuukuu
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuongee juu ya waifai. Kikundi kimoja nilichotembelea kilinunua ruta ili katibu na mweka hazina watume ripoti. Simu mpya zikaingia vizuri, lakini kompyuta kuukuu ya mweka hazina ikakataa. Fundi akafanya nini? Akaondoa neno la siri kabisa! Kompyuta ikaingia, ndiyo, na majirani wote nao wakaingia. Bando ya mwezi ikaisha kwa wiki moja. Hiyo ni pesa ya wanachama, jamani.

Sasa sikilizeni. Waifai ina kufuli yake, na kufuli hizo zina vizazi. Ya kwanza, WEP, ilitoka mwaka wa 1997. Kufikia 2001 wataalamu walikuwa wameonyesha namna ya kuivunja. Mwaka wa 2003 ikaja WPA, kama kiraka tu. Mwaka wa 2004 ikaja WPA2, ambayo hata leo inafaa, mradi neno la siri liwe refu. Mwaka wa 2018 ikaja WPA3. Hii inamzuia mwizi asinase mawasiliano kisha akae kwake akibahatisha neno lenu la siri polepole.

Shida iko wapi? Ruta ikiwekwa WPA3 peke yake, kifaa kinachojua WPA2 tu hakitaingia. Hakijaharibika, ni kwamba hakijui kufuli hiyo. Dawa si kuacha mlango wazi, wala kurudi WEP. Ruta nyingi za siku hizi zina mpango wa pamoja, WPA2/WPA3. Ukiuchagua, kifaa kipya kitatumia WPA3 na cha zamani WPA2.

Na kile kisichojua hata WPA2? Hicho kimezeeka, kipumzishwe. Kuanzia 2006, kifaa kipya kilitakiwa kijue WPA2 ili kipewe cheti cha Wi-Fi.

Basi mkirudi, fanyeni mambo matatu. Mwulizeni fundi ruta yenu iko kwa kufuli gani. Wekeni neno la siri refu, si jina la kikundi. Na kabla ya kununua kompyuta ya mitumba, ulizeni kama inajua WPA2 au WPA3.

Sanduku la kikundi hatuliachi wazi eti kwa sababu mmoja amepoteza ufunguo. Au sivyo?

Sasa nipeni maswali.