Hotuba Juu ya Safari ya Gari la Moshi Katika Nchi ya Uswisi
(Iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbinga)



Marehemu Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, alikwenda Uingereza mwaka 1931, kisha akawaandikia wenziwe kitabu cha mambo aliyoyaona. Nami nafuata desturi hiyo njema kwa kuwaeleza habari za Uswisi, nchi alikozaliwa Askofu Gallus Steiger wa Peramiho.

Nchi ile ina milima na maziwa, kama Umatengo na Nyasa. Haina bahari, wala haina makaa ya mawe ya kutosha. Kwa hiyo magari yake, ingawa twayaita ya moshi, hukokotwa kwa umeme, na sehemu kubwa ya umeme huo hutokana na nguvu za maji. Sisi tunayo makaa ya Ngaka, na reli hatuna.

Nalikata tikiti moja ya siku 8. Kwa tikiti hiyo mgeni hupanda gari la moshi, basi na meli. Huko Luzern gati lipo mbele ya stesheni. Nalivuka ziwa hata Flüelen, na huko pia stesheni ipo kando ya gati. Kusini yake reli hupita chini ya mlima Gotthard katika handaki la kilometa 57, lililofunguliwa mwaka 2016.

Lakini lililonistaajabisha zaidi ni saa. Tangu mwaka 1982 magari mengi huondoka kwa dakika ile ile kila saa. Tena yamepatanishwa: katika stesheni kubwa magari ya pande zote huingia karibu wakati mmoja, abiria wakahama, kisha yakaondoka. Safari ya Bern hata Zürich ilikuwa dakika 69. Mwaka 2004 ilifunguliwa reli mpya, ikawa dakika 56. Hawakutaka kushindana mbio, bali gari liwahi makutano kabla ya saa kutimia.

Kazi hiyo dereva peke yake haiwezi. Ni kazi ya makarani wapangao saa za gari, meli na basi pamoja. Kalamu yao ikikosea dakika tano, abiria ndiye aachwaye njiani.

Na hapo ndipo habari hii inapotugusa. Reli ya Mtwara hata Mbamba Bay imenenwa miaka mingi, ikija tutashukuru. Lakini tusingoje reli ndipo tujifunze kupatanisha saa. Barabara ya Mbinga hata Mbamba Bay ina lami, na ziwani ipo meli itokayo Kyela. Mama mwenye mgonjwa akishuka melini asikute basi, hulala gatini, na ugonjwa haulali. Usiku ule lami haimfai kitu.

Basi naomba Chama kiwakutanishe wenye meli, wenye mabasi, na ofisi za Wilaya za Mbinga na Nyasa, waandike ratiba moja. Sisi makarani tuinakili kwa Kiswahili safi, tuibandike gatini, stendi na katika ofisi za vijiji. Meli ikichelewa, simu ipigwe, basi lingoje. Gharama yake ni karatasi na uaminifu, na vyote viwili tunavyo.