Kabla ya Kokoto Kuna Jabali: Kuchora Miamba ya Singida kwa Pikseli



Jioni hii nazungumzia kigae. Ni mraba mdogo wa picha, mara nyingi wa pikseli 16 kwa 16, yaani vitone 256 tu, ambao mchoraji wa michezo ya kompyuta huurudia na kuupanga mpaka uwe ukuta, kilima au genge zima. Dai langu ni moja: anayetaka mwamba wake uaminike, achore ufa kwanza, umbo la jiwe litafuata.

Wanaoanza hufanya kinyume. Huchora viduara vingi vinavyolingana, kila kimoja kikiwa cheupe katikati na cheusi kandokando. Hapo wamechora kokoto. Kokoto ni jiwe lililokwisha kupondwa. Jabali bado limeshikamana, na nyufa zake ndizo zinazosimulia lilikotoka.

Yatazameni majabali ya ufukwe wa Ziwa Singidani. Hii ni graniti, sehemu ya msingi wa kale wa bara letu, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ikiwa bado chini ya ardhi ilipasuka pande tatu, wima na mlalo, mithili ya matofali makubwa. Maji yakapenya nyufa hizo na kulila jiwe humohumo udongoni. Uso wa tofali huliwa upande mmoja, ukingo pande mbili, pembe pande tatu. Kwa hiyo pembe ndizo huisha kwanza, na tofali huelekea kuwa tufe. Mvua ilipouchukua udongo, mawe yakabaki yamebebana kama tunavyoyaona.

Kalamu ifuate njia hiyohiyo. Paka kigae chote rangi ya kati. Pitisha nyufa chache, nyingine ndefu, nyingine fupi, ili mapande yasilingane. Kisha, pale nyufa zinapokutana, ondoa pikseli mbili au tatu za pembe. Jiwe litaanza kuviringika lenyewe.

Ndipo uje mwanga. Singida iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini. Basi mgongo wa jiwe ung'ae, ubavu upoe, na chini kukae giza. Rangi tatu au nne zinatosha. Mashine ya michezo ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 iliruhusu rangi nne tu katika kila eneo la pikseli 16 kwa 16 la mandhari, moja ikiwa ya usuli wa pamoja, na watu wakajenga humo milima na mapango. Ila kijivu kitupu kisitawale: graniti ina chembe za waridi, na kivuli chake huazima ubuluu wa angani.

Kigae changu cha kwanza nilikitia ufa mmoja mweupe uliopendeza sana. Nilipokirudia mara mia, ufa ule ukageuka nondo za dirisha. Nikajifunza kwamba pambo la pekee huumbua kigae. Ufa unaotokea ukingo wa kulia uendelee ukingo wa kushoto, na alama kubwa ziwekwe katika vigae vya akiba, vitumike mara chache.

Genge lina sharti la ziada. Anayeshuka mteremko wa Sekenke kuelekea mbuga ya Wembere anapita mambo matatu: ukingo wa juu wenye nyasi na mwanga, uso wa mwamba wenye nyufa za wima, na chini, mawe yaliyoporomoka. Vigae vya genge navyo viwe vya aina hizo tatu. Ukiacha kile cha chini, genge litaelea. Na hapo chini, kokoto zina haki ya kuchorwa, kwa kuwa zimeshuka kutoka juu.

Wanafunzi wangu, kabla ya kuwasha kompyuta nendeni Ziwa Kindai na karatasi na penseli. Kaeni karibu na mpasua mawe. Kabla ya kuinua nyundo, yeye hulizunguka jiwe, akitafuta ufa. Anzeni hapo anapoanzia yeye.