Nyundo na chuma cha vita
Maneno yaliyosemwa mbele ya wandugu wa Lubunga



Leo hatuji na maneno makubwa, tunakuja na nyundo. Sisi tunaofanya kazi ya bati na vyuma hapa ukingo wa kushoto wa mto tumeletewa kitu kilichotufanya tuombe nafasi ya kusema. Kijana mmoja alikuja na kisanduku cha risasi, kile cha bati kinachoingizwa chini ya bunduki ili kuilisha. Alikiokota shambani akilima. Ubavu mmoja umebonyea, kutu imekula pembe. Akatuambia: Wazee, nimejaribu kukinyoosha nyumbani kwa jiwe, kimenishinda. Ninyi mkinyoosha nitapata mnunuzi.

Tukakitazama. Ndani mlikuwa na risasi bado. Alikuwa amekigonga kwa jiwe, na wadogo zake wamemzunguka wakitazama.

Tutarudi kwake. Kwanza tuseme kazi ya kunyoosha, kwa sababu wengi wenu mnaifanya nyumbani, na tunaona hali ya sufuria mnazotuletea baadaye. Bati lililobonyea halipigwi katikati ya shimo. Ukipiga katikati, bati linavutika, linakuwa jembamba, na mwisho linapasuka. Anza kwenye kingo za shimo, kwa upande wa ndani, uzunguke polepole kuelekea katikati. Nyundo iwe ya mti. Chini weka mfuko wa mchanga, si jiwe. Piga mapigo madogo mengi. Mwenye haraka aende akapasue kuni.

Sufuria ya alumini ikipigwa sana hukakamaa. Dawa yake ni moto, lakini alumini ina hila: haiwi nyekundu kama chuma. Ikifika digrii 660 inayeyuka mbele ya macho yako, na rangi yake haikukuonya kitu. Kwa hiyo fundi hupaka sabuni ya kufulia mahali palipobonyea, huweka sufuria juu ya makaa, na sabuni ikigeuka nyeusi huiondoa, huiacha ipoe, ndipo hupiga. Sufuria nzito za kumiminwa katika mchanga msizipige, huvunjika kama chungu. Na beseni la rangi ya kioo, ukilipiga, rangi inaruka vipande vipande na kuingia katika chakula cha watoto. Hilo livumilieni na ubonyevu wake.

Ufundi huu haukuletwa na meli. Kabla ya reli ya Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906, wahunzi wa Topoke na jirani zao wa mto walifua vyuma vya mkuki virefu kama mtu, na kwa vyuma hivyo watu walilipa mahari. Hakuna wa kutuambia kwamba mkono wetu haujui chuma.

Basi kwa nini tulikataa kisanduku cha kijana? Wengine walidhani hatuwezi. Kwa kweli ni kazi ngumu: ndani mna resori inayosukuma risasi, na juu mna midomo miwili ya bati inayozishika. Midomo ikipinda kidogo tu, bunduki inakwama. Ukitia moto, resori inakufa. Lakini hata tungeweza, tusingefanya. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 haichezi na mtu anayeshika vitu hivyo bila ruhusa. Tena tujiulize: ni nani anayenunua kisanduku cha risasi Lubunga? Tangu Februari 2023, Wambole na Walengola walipoanza kuuana kwa ajili ya ardhi, nyumba zikachomwa na watu wakavuka mto na mikeka yao kichwani, mnunuzi wa kitu kama hicho si mtu wa kujivunia.

Na chuma cha vita hakikuanza juzi. Mwaka 1964 Simba waliuingia mji huu mwezi wa Agosti, na askari wa miamvuli wa Ubelgiji wakashuka tarehe 24 Novemba. Mwaka 2000, tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kana kwamba ni nyumba yao, na makombora zaidi ya elfu sita yakaanguka juu yetu. Mwaka 2022 mahakama ya dunia kule La Haye iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa maovu yake katika Kongo. Fedha inaweza kuhesabiwa. Kombora lililoingia udongoni bila kulipuka halihesabiki, na kutu haifanyi baruti kuwa udongo.

Ndugu wachimbaji, ninyi mnajua haya kuliko sisi. Tundu la baruti lililogoma kulipuka, nani kati yenu hulirudia kwa sururu? Basi mbona mkifika nyumbani mnawaacha watoto wagonge vyuma wauze kwa kilo?

Ukiona chuma cha vita, usikiguse, usikibebe, usikitupe mtoni wala motoni. Weka alama kando, simamisha watoto, nenda kwa shefu wa kartye. Tunajua mnachoogopa: kwamba atakayesema ataulizwa yeye alikipata wapi, na jina la kabila lake litaandikwa kabla ya jibu lake. Hofu hiyo si ujinga. Tunawaambia wakubwa wazi: mkimfunga mtu mmoja aliyeleta habari, kumi watanyamaza. Kwa hiyo msiende peke yenu. Nendeni watatu au wanne, mchana, watu wakiwaona.

Ndivyo tulivyofanya. Kisanduku tulikilaza ndani ya ndoo ya mchanga mbali na watu, tukamsindikiza kijana. Aliulizwa maneno mengi, akarudi jioni. Akatuuliza nani atamlipa siku yake. Hatukuwa na jibu. Tulimnyooshea beseni la mama yake bila malipo, na asubuhi alirudi shambani akasimika miti minne yenye kitambaa chekundu mahali alipokiokota. Mnaolima jirani naye, msipite katikati ya miti hiyo mpaka wataalamu wafike.