Mbwa Mdogo wa Nyumbani: Mchague kwa Makini, Mchanje kwa Wakati

(Maelezo ya afisa wa mifugo kwa wakazi wa Keumbu)



Zamani mbwa wa Gusii alikuwa mlinzi wa boma, akilala nje. Siku hizi wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga, hapa sokoni na Kisii mjini, na tunataka mbwa mdogo asiyemwaga manyoya. Poodle na Maltese ni wa aina hiyo. Japanese Spitz, ingawa ni mdogo, humwaga mengi.

Kabla ya kununua, fahamu mambo mawili. Kwanza, manyoya yasiyopukutika huendelea kukua. Usipoyachana mara kwa mara na kuyapunguza kila baada ya wiki chache, hushikana, na kupe hujificha humo. Pili, mtoto mwenye pumu bado anaweza kudhurika, kwani kinachomsumbua kimo pia katika mate na ngozi ya mbwa. Mpe nafasi akae na mbwa huyo kwanza.

Kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Mbwa wa ndani naye hutoka mlangoni, na anaweza kung'atwa na mbwa wa mtaani. Mchanje akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka, na utunze cheti. Mbwa yeyote akimuuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje dalili: zikishaonekana, ugonjwa huu hauponi.