Kuotesha Miche ya Mvule kwa Vipandikizi

Yamkini mlango mlioufunga ili mpate kusikia vema mazungumzo haya ni wa mvule. Na kama si wa mvule, basi huenda seremala wenu aliutafuta mvule kwanza, akaukosa, au akashindwa na bei yake. Habari za mti huo ndizo tulizowaletea leo. Wala si habari za kuukata, maana hizo zajulikana na kila mtu, bali za kuuotesha, tena bila kutumia mbegu.

Mvule huota toka pwani ya Guinea, magharibi mwa Afrika, hata Msumbiji. Katika Uganda nchi ya Busoga ilisifika kwa mivule yake. Katika Kenya na Tanzania waonekana pwani, na penginepo palipo na udongo mzuri na mvua ya kutosha. Mbao zake mchwa hawazipendi, wala hazioozi upesi zikipata maji; kwa hiyo zimefanya milango, meza, madawati ya shule na vyombo vya baharini. Sifa hizo ndizo zilizouponza. Mti uliokua kwa muda wa maisha ya babu, baba na mwana huangushwa kwa asubuhi moja, na aliyeuangusha hapandi mwingine. Hata ile mikubwa tuionayo leo, mingi haikupandwa na mtu. Ilipandwa na popo, ambao hula matunda yake na kuziangusha mbegu wanakoruka usiku.

Twaweza kuulizwa, Kwa nini msifanye kama popo, mkachukua mbegu mkazimwaga kitaluni? Jambo hilo lawezekana, nasi hatulikatazi, lakini lina taabu zake. Kwanza, mvule una dume na jike. Dume hutoa maua marefu membamba yaninginiayo kama mikia, kisha hukauka yakaanguka, basi. Jike ndilo litoalo matunda, nayo lazima uyawahi kabla ya ndege na popo. Mbegu zenyewe ni ndogo sana, na zikiwekwa ghalani hupoteza nguvu upesi. Hayo yote mtu mwenye subira aweza kuyashinda. Taabu iliyo kubwa ni adui aingojeaye miche.

Adui huyo ni kidudu kidogo ambacho wataalamu hukiita Phytolyma. Hutaga mayai juu ya machipukizi mateke. Watoto wake huingia ndani ya jicho la mche au ndani ya jani, na hapo mche huvimba, ukafanya vinundu vya kijani kama vile vya ugonjwa wa ngozi. Baadaye vinundu hupasuka, ukungu huingia, na ncha ya mche huoza. Mche hutoa ncha nyingine, nayo hushambuliwa. Hutoa ya tatu, vivyo hivyo, hata mwisho badala ya mti mna kichaka cha magotini. Huko Afrika ya Magharibi watu wa misitu walipojaribu kupanda mashamba ya mvule mtupu, kidudu hiki kiliwarudisha nyuma mara nyingi. Ndiyo maana twasema habari ya vipandikizi si mchezo wa darasani tu.

Kupanda kwa kipande cha mti si elimu ngeni kwetu. Ni nani asiyejua kupanda muhogo? Hakuna apandaye mbegu ya muhogo. Hukata shina, akalizika, likaota. Miwa ni vivyo hivyo, na viazi vitamu, na mnyaa wa uani, na mlonge. Huko Japani watu wamepanda miti ya sugi kwa matawi tangu karne nyingi. Huko Brazil kampuni ya Aracruz ilifunika nchi kubwa kwa mikaratusi iliyooteshwa kwa vipandikizi, na mwaka 1984 wataalamu wake wanne walipewa tuzo ya Marcus Wallenberg kwa kazi hiyo. Basi mtu akienda kukata tawi la mvule mkubwa, akalichomeka ardhini kama muhogo, mbona hukauka?

Hukauka kwa sababu tawi lile ni zee. Mti una umri wake, na kila sehemu ya mti ina umri wake pia. Tawi la juu la mvule wa miaka 80 limekwisha sahau kutoa mizizi. Wenye mashamba ya kahawa watatuelewa upesi. Kipandikizi cha kahawa kikikatwa katika tawi la ubavuni, hata kikishika mizizi, hakisimami. Hutambaa upande upande kama tawi lilivyokuwa likitambaa. Lazima kikatwe katika chipukizi lisimamalo wima. Kwa mvule pia yatupasa kuchagua machipukizi machanga yaliyosimama, wala si matawi.

Nayo yapatikana wapi? Yapatikana kwanza kwa miche michanga iliyooteshwa kwa mbegu: hupandwa kitaluni, hukatwa ncha, ikatoa machipukizi, nayo hukatwa tena na tena, kama mtu avunavyo mchicha. Pili, yapatikana kwenye kisiki. Hapa twawasihi sana wasikilizaji wetu wa mashambani. Mvule ukikatwa kwa idhini ya wenye mamlaka ya misitu, msikichome moto kisiki chake, wala msikiachie mbuzi. Kizungushieni miiba. Karibu na ardhi kitatoa machipukizi, na hayo ni machanga ijapokuwa mti wenyewe ulikuwa mzee. Ndani yake mna mvule ule ule mlioujua, umbo lake na unyofu wake. Vipande vya mizizi navyo vikifukiwa katika udongo wenye unyevu huweza kutoa machipukizi. Lakini mtu asikate mvule mzima ulio hai kwa ajili ya majaribio. Hiyo ni kuuza ng'ombe ili kununua maziwa.

Sasa tuseme habari za sanduku, maana kazi yote i humo. Kipandikizi kilichokatwa kina jani lakini hakina mizizi. Jani lapoteza maji mchana kutwa, na hakuna kitu cha kuyarudisha. Mkiliondoa jani lote, kipandikizi hakipati chakula cha kufanyia mizizi, maana jani ndilo jiko lake. Mkiliacha lote, hunyauka kabla ya jioni. Kwa hiyo hupunguzwa kwa mkasi, likaachwa nusu au chini ya nusu, kisha kipandikizi huwekwa mahali penye hewa yenye unyevu siku zote. Katika vitalu vikubwa vya nchi tajiri mitambo hurusha manyunyu kwa nguvu ya umeme. Shule ya kijijini haina mitambo hiyo, wala haihitaji. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa miti wameeneza katika nchi za joto sanduku lisilotaka bomba wala umeme, ambalo fundi wa kawaida aweza kulitengeneza.

Fanyeni fremu ya mbao, urefu wake kama hatua mbili, na upana wake usizidi pale mkono uwezapo kufika. Ndani tandikeni karatasi nene ya nailoni isiyo na tundu hata moja, ipande kandokando ili maji yasivuje. Chini pangeni mawe makubwa. Juu ya mawe, kokoto. Juu ya kokoto, changarawe. Na juu kabisa mchanga safi wa mtoni, uliooshwa hata maji yake yakawa meupe. Katika pembe moja simamisheni mwanzi uliotobolewa vifundo vyake, ushuke hata chini. Kwa mwanzi huo mtatia maji, na kwa kijiti kilichotumbukizwa humo mtajua kimo chake. Maji yakae katikati ya mawe, yasiufikie mchanga wa juu. Mchanga utayavuta yenyewe kutoka chini, kama utambi wa taa uvutavyo mafuta. Funikeni kwa kifuniko cha fremu iliyowambwa nailoni, kishikane vizuri na sanduku. Kisha jengeni kipaa cha makuti juu yake, kwa sababu jua likipiga nailoni moja kwa moja, ndani huwa tanuri.

Machipukizi yakatwe asubuhi na mapema kabla ya jua kupanda, yatiwe katika gunia lililoloweshwa, yapelekwe upesi. Kisu kiwe kikali kama wembe, nacho kipanguswe mara kwa mara, maana utomvu mweupe wa mvule hugandamana nacho. Kila kipandikizi kiwe na urefu wa inchi 3 au 4, chenye jicho moja au mawili na jani lake lililopunguzwa. Ncha ya chini, ikiwa dawa ya kuotesha mizizi yapatikana, huchovywa humo. Dawa hiyo imejulikana tangu miaka ya 1930, na hutumika kidogo mno. Isipopatikana, msikate tamaa; machipukizi machanga mengi hushika bila dawa, ila huenda yakawa machache zaidi na kwa polepole zaidi. Tobeni mchanga kwa kijiti, tieni kipandikizi, shindilieni kwa vidole, funikeni.

Baada ya hapo kazi iliyo ngumu ni kutofanya kitu. Wanafunzi wetu hupenda kuona, na kila mmoja angependa kufunua kidogo tu achungulie. Wanafunzi 30 wakifunua kidogo tu, hewa yote yenye unyevu imetoka. Sisi tumeweka sheria kwamba sanduku hufunguliwa mara moja kwa siku, asubuhi, na mtu mmoja wa zamu, naye huokota majani yaliyoanguka na kunyunyiza maji membamba kabla ya kufunika. Kwa kadiri ya majuma 4 hata 8 mizizi huwa imetoka. Asivute mtu kipandikizi ili aone. Akiinue kwa kijiti pamoja na mchanga wake.

Vilivyoshika mizizi hupandwa katika viriba vya udongo mwema uliochanganywa na samadi iliyooza, navyo hurudishwa sandukuni siku chache, kifuniko kikiinuliwa kidogo leo, kesho zaidi, mpaka mche uzoee hewa ya nje. Wengi huharakisha hapa, wakapoteza katika siku mbili kazi ya miezi miwili.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo tungependa mlisikilize kuliko yote tuliyosema. Mche wa mbegu ni mtoto wa baba na mama, hafanani kabisa na yeyote kati yao. Mche wa kipandikizi si mtoto. Ni mama mwenyewe, amesimama mara ya pili mahali pengine. Mama akiwa mnyofu, unyofu huo umo. Akiwa mgonjwa, twaweza kuupanda ugonjwa pamoja naye. Wakulima wa muhogo walilijua jambo hili kwa uchungu: batobato ilisafiri toka shamba hata shamba ndani ya mbegu zile zile walizopeana majirani kwa wema, na katika miaka ya 1930 wataalamu wa Amani, huko Usambara, walifanya kazi kubwa ya kuichunguza na kutafuta mihogo iwezayo kuistahimili.

Kwa mvule faida ya jambo hilo imekwisha onekana. Katika miaka ya 1990 watafiti wa misitu wa Kumasi, nchini Ghana, waliilinganisha miche ya mvule iliyotoka kwa mama mbalimbali, wakaona kwamba kidudu hakiishambulii yote sawasawa; ipo ambayo hupata vinundu vichache, au vinundu vyake havipasuki vikaua ncha. Mche wa namna hiyo waweza kukatwa vipandikizi, na kila kipandikizi kikachukua stahamala ile ile. Kwa mbegu tungebahatisha. Kwa kisu twachagua.

Lakini hatari nayo imo humo humo. Mtu akipata mvule mmoja mzuri, akajaza shamba zima kwa vipandikizi vyake, amepanda mti mmoja mara elfu. Ugonjwa utakaouweza mmoja utaiweza yote. Tena kumbukeni dume na jike. Mama yule akiwa dume, shamba lote ni madume, halitazaa mbegu hata moja. Na akiwa jike, shamba halina wa kulitungisha. Popo watapita juu yake bila kutua, na wajukuu watakuwa na mbao, lakini hawatakuwa na mvule. Kwa hiyo sisi hatukubali kitalu chenye mama mmoja, wala wawili, hata kama wote ni wazuri. Tafuteni visiki na miche toka mahali mbalimbali mbali na mbali, kwa kadiri mwezavyo kupata, na miche ya mbegu iwe pamoja nayo.

Mvua za masika zikianza kukaza, miche itolewe. Msiipande mvule kwa mvule kama mahindi; ichanganyeni na miti mingine, ili kidudu kisipate karamu mahali pamoja.

Na wekeni daftari. Kila mama apewe herufi yake, na kila kiriba kiwe na kibao chenye herufi hiyo, mahali kisiki kilipokuwa na tarehe ya kukata. Katika daftari letu tumechora pia safu ya mwisho, ambayo juu yake tumeandika "dume au jike". Safu hiyo ingali tupu, nayo itakaa tupu kwa miaka mingi, hata miti itakapotoa maua na mwalimu mwingine akaja kuijaza.