Nchi Jirani: Lindo la Wauguzi

Usiku mmoja wa Novemba, mwaka 2000, daktari mmoja wa Gulu, kaskazini ya Uganda, aliamshwa kitandani. Mwuguzi aliyelazwa katika wodi ya wagonjwa wa Ebola alikuwa akitokwa na damu na kuhangaika. Daktari huyo, Matthew Lukwiya, mkuu wa Hospitali ya Lacor, alivaa glavu, barakoa, vazi la kujikinga na mabuti, akaingia wodini. Macho yake hayakukingwa. Inaaminika kwamba ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba.

Lukwiya hakuwa mtu asiyeujua ugonjwa ule. Mapema mwezi Oktoba alikuwa masomoni Kampala, akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wa Lacor wanakufa kwa maradhi yasiyoeleweka. Alirudi, akapekua majalada ya wagonjwa, akatambua hatari, na wodi ya kuwatenga wagonjwa ikafunguliwa kabla majibu ya damu iliyopelekwa Afrika ya Kusini hayajapatikana. Hapana shaka kwamba hatua hiyo iliokoa maisha ya watu wengi. Hata hivyo, hadi maradhi yalipokwisha, Uganda ilikuwa imehesabu wagonjwa 425, na kati yao 224 walikufa. Lacor peke yake ilizika watumishi wake 13, Lukwiya akiwamo.

Ndugu wasikilizaji mlio katika majeshi ya ulinzi na polisi, mnaielewa Gulu ya siku zile. Ilikuwa nchi ya vita. Katika hospitali hiyohiyo, Dakta Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada aliyeitumikia tangu mwaka 1961, aliambukizwa virusi vya Ukimwi alipokuwa akiwapasua majeruhi wa vita, naye akafariki mwaka 1996. Lukwiya alizikwa karibu na kaburi lake. Mwaka 1989, waasi walipofika kuwateka wauguzi, Lukwiya aliwataka wamchukue yeye badala yao, na wakamchukua. Kwa hiyo ushujaa haukuwa kitu kilichopungua Lacor.

Kilichopungua ni kingine. Uchunguzi uliotolewa mapema mwaka 2001 ulionyesha kwamba kati ya wahudumu wa afya 22 walioambukizwa katika Gulu, 14 waliambukizwa baada ya wodi za kutenga kufunguliwa. Tarakimu hizo zastahili kutafakariwa. Adui alikwisha kujulikana, na kanuni za kujikinga zilikwisha kutolewa. Lakini wahudumu walikuwa walewale, juma baada ya juma, idadi yao ikipungua kadiri wenzao walivyougua. Mwishoni mwa Novemba watumishi wa Lacor walikusanyika wakitaka hospitali ifungwe. Lukwiya aliwaambia kwamba ikifungwa, yeye ataondoka Gulu wala hatarudi tena. Kazi ikaendelea. Nani atathubutu kuwalaumu waliotaka kuondoka?

Kila askari anajua kwa nini lindo hubadilishwa. Mlinzi aliyekesha siku mbili anayo bunduki ileile na amri ileile, lakini macho yake si yaleyale. Ajabu ni kwamba udaktari, kazi inayoelewa mwili wa mwanadamu kuliko kazi nyingine yoyote, ulichelewa mno kuyakubali haya kwa watu wake wenyewe. Ushahidi wa wazi ulitoka Boston, Marekani, mwaka 2004. Katika wodi za wagonjwa mahututi, madaktari wanafunzi waliofanya zamu za saa 24 au zaidi walitenda makosa makubwa ya tiba kwa kiasi cha asilimia 36 zaidi kuliko walipofanya zamu fupi. Miaka miwili kabla ya hapo, utafiti katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania ulikuwa umegundua kwamba kila mwuguzi anapoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa aliyepasuliwa kufa katika siku 30 huongezeka kwa asilimia 7, na uwezekano wa mwuguzi mwenyewe kuchakaa moyo kwa kazi huongezeka kwa asilimia 23. Mgonjwa na mwuguzi hupata hasara pamoja.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba hospitali iliyo na mwuguzi mmoja kwa wodi nzima haiwezi kupanga zamu kama za Boston. Lakini nchi yenye wauguzi wachache ndiyo isiyoweza kumudu kuwapoteza. Mwuguzi mmoja hufundishwa kwa miaka, na glavu hununuliwa kwa senti. Kumsifu kwa maneno matamu baada ya kumzika hakujazi pengo lake wodini.

Somo hilo halikushika mara moja. Ebola ilipozuka tena Uganda mwezi Septemba 2022, madaktari wanafunzi wa hospitali ya Mubende waligoma wakidai vifaa vya kujikinga. Wengine waliwaona kama askari waliotoroka vitani. Lakini askari aliyepelekwa mstari wa mbele bila silaha hakutoroka, ametelekezwa. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa safari hiyo na 7 wakafa, miongoni mwao daktari Mtanzania aliyekuwa akisomea upasuaji nchini humo, aliyefariki tarehe 1 Oktoba.

Rwanda nayo ilipatwa mwaka 2024. Tarehe 27 Septemba serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg, nduguye Ebola. Kati ya wagonjwa 66, wapatao asilimia 80 walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wa hospitali mbili za Kigali, walioambukizwa kabla ugonjwa haujatambuliwa. Tofauti ilionekana katika yaliyofuata. Chanjo ya majaribio ilianza kutolewa tarehe 6 Oktoba, na wahudumu wa afya walikuwa wa kwanza kupewa. Wagonjwa wawili waliofikia hatua ya kuwekewa mashine ya kupumulia walitolewa katika mashine wakiwa hai, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika Afrika kwa ugonjwa huo. Waliokufa ni 15. Itakumbukwa kwamba nchini Angola, mwaka 2004 na 2005, Marburg iliua watu 227 kati ya 252.

Mtu akiuliza kwa nini wauguzi wa Kigali hawakukimbia, jibu moja ni kwamba walijua kuwa mwenzao akiugua atatibiwa kwa nguvu zote, naye mzima atachanjwa.

Kampala ilijaribiwa baada ya hapo. Mwezi Januari 2025, mgonjwa wa kwanza wa Ebola kutambuliwa mjini humo alikuwa mwuguzi wa Hospitali ya Mulago, aliyekuwa amezunguka kutafuta tiba huku na huko kabla ya kufa. Serikali ilitangaza ugonjwa huo tarehe 30 Januari. Chanjo ya majaribio ilianza kutolewa tarehe 3 Februari kwa waliomkaribia marehemu, na wagonjwa hawakuzidi 14 hadi mwisho wake ulipotangazwa tarehe 26 Aprili.