Kwa Nini Shaba Hupitisha Umeme Kuliko Mti



Watu wa Kakamega hawahitaji kuelezwa radi ni nini, maana nchi zilizo kandokando ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata ngurumo nyingi kabisa. Lakini liko jambo moja linalofaa kufahamika. Radi ikipiga mti, mti hupasuka. Ikipiga utepe wa shaba uliotandazwa kutoka juu ya jengo hadi ardhini, hushuka na jengo likasalimika. Kwa nini?

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu, na ndani ya atomu mna vijichembe vyenye umeme, viitwavyo elektroni. Mtaalamu J. J. Thomson wa Uingereza alivivumbua mwaka 1897. Katika mbao kavu, kioo au mpira, kila elektroni imeshikwa na atomu yake, kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Bali katika metali, yaani jamii ya chuma, shaba, fedha na dhahabu, elektroni za nje ni kama ng'ombe waliofunguliwa malishoni: hutangatanga kati ya atomu zote. Nguvu ya umeme ikizisukuma, zote husogea upande mmoja, na huo ndio mkondo wa umeme.

Mtu asidhani kwamba elektroni hukimbia mbio. Katika waya wa taa, mwendo wake haufiki hata milimeta moja kwa sekunde. Lakini waya umejaa elektroni kama bomba lililojaa maji: yakisukumwa upande huu, hutoka upande wa pili papo hapo.

Hata hivyo metali hazilingani. Fedha ni ya kwanza kwa kupitisha umeme, shaba huifuata karibu sana, dhahabu ni ya tatu, na alumini ya nne. Basi ile dhahabu iliyowavuta watafutaji wengi Kakamega tangu mwaka 1931 hushindwa na shaba katika kazi hii. Sifa yake ni kutoshika kutu, kwa hiyo hupakwa kidogo katika viungo vya simu. Nyaya ndefu za nguzoni aghalabu ni za alumini, kwa kuwa uzito wake haufiki theluthi moja ya ule wa shaba.

Sasa jibu la swali. Mti hauna elektroni huru. Umeme wa radi hupenya kwa shida, utomvu huchemka ghafla ukawa mvuke, na mti hupasuka. Anayejikinga mvua chini yake yumo hatarini, maana umeme waweza kuruka ukamwingia, kwa kuwa mwili wa mtu, wenye maji na chumvi, huupitisha vizuri kuliko mti.

Shaba huupa umeme njia nyepesi, lakini njia hiyo sharti ifike ndani ya udongo wenye unyevu. Ikikatika, umeme hutafuta njia nyingine, pengine ukutani, pengine kwa watu. Kwa hiyo anayekata utepe wa shaba wa shule ili auuze hakuiba shaba tu; amewavua watoto ngao yao. Yafaa wazee na walimu waukague kabla ya mvua kuanza.